Joto la ghafla la ukomo wa hedhi si "mawazo tu"

Mwanamke wa miaka 50 akilalamika kuwa anawaka moto usiku, huambiwa: "Ni mawazo hayo, punguza tu." Si kweli, ingawa mawazo nayo yana mkono wake.

Chanzo kiko kwenye ubongo, sehemu iitwayo haipothalamasi, inayopima joto la mwili. Homoni ya estrojeni ikishuka, seli fulani za neva zilizokuwa zikitulizwa nayo huchangamka kupita kiasi, na kipimo hicho kinakuwa chepesi mno kushtuka. Joto likipanda kidogo tu, kiasi ambacho zamani usingekihisi, ubongo unaamini mwili umepata joto kupita kiasi: mishipa ya ngozi inatanuka, uso na kifua vinawaka, jasho linatiririka. Dakika chache baadaye unatetemeka kwa baridi na shuka limelowa.

Msongo wa mawazo unaingia hapo. Adrenalini, homoni ya msongo huo, husukuma mwili ambao tayari uko ukingoni, hivyo vipindi huja mara nyingi au huudhi zaidi. Usiku mbaya nao huzaa msongo wa kesho. Tena si kila kuamka kunatokana na joto. Projesteroni, homoni nyingine ambayo husaidia usingizi, nayo imepungua.

Kwa hiyo kutulia pekee hakurudishi estrojeni. Ushauri wa kisaikolojia hupunguza kero na kusaidia usingizi, lakini kuna pia tiba ya homoni, na kwa wale isiyowafaa, dawa kama fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hutuliza seli hizo za neva zenyewe. Daktari ndiye wa kuchagua nawe.