Je, Wajua Kwa Nini Mwanafunzi Huishi kwa Nafuu Zaidi Niš Kuliko Belgrade?

Ingia duka kubwa mjini Niš, kusini mwa Serbia, kisha uingie duka la kampuni hiyohiyo Belgrade, kilomita 240 hivi upande wa kaskazini. Maziwa, mchele na sabuni utavikuta kwa bei ileile, au zinazokaribiana sana. Hata hivyo, mwezi ukiisha, mwanafunzi wa Niš huwa ametumia pesa kidogo kuliko mwenzake wa Belgrade. Tofauti haiko dukani. Iko kwenye chumba cha kulala na kwenye umbali anaoweza kuutembea kwa miguu; juu ya hayo ipo ruzuku ya serikali, iliyopo hata Belgrade, ambayo si kila mtu huipata. Nafuu yote hiyo inaweza kuyeyuka kwa bili moja ya umeme ya Januari, na ndiyo maana suala la baridi limepewa nafasi kubwa hapa chini.

Niš ni mji wa kale sana. Warumi waliuita Naissus, na ndiko alikozaliwa Kaisari Konstantino Mkuu katika karne ya 3. Ngome iliyo kando ya mto Nišava ilijengwa na Waturuki wa Osmani kati ya 1719 na 1723, na Mnara wa Mafuvu, Ćele Kula, ulijengwa na Waturuki haohao baada ya vita vya Čegar vya 1809 kwa mafuvu ya waasi wa Kiserbia: yalikuwa 952, leo yamebaki 58. Lakini kodi ya nyumba ya leo haikupangwa na Warumi wala Waturuki. Chanzo chake ni viwanda.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Yugoslavia iliifanya Niš kuwa mji wa mashine, tumbaku na vifaa vya elektroniki. Kiwanda cha Ei Niš, kilichoanzishwa 1948, kilifikia kuajiri watu zaidi ya 20,000 na kutengeneza redio na televisheni. Wafanyakazi hao walijengewa maghorofa, na mwaka 1965 mji ukapata chuo kikuu chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maghorofa hayo yaliuzwa kwa wapangaji wenyewe kwa bei ndogo. Kisha vikaja vikwazo vya kiuchumi vya 1992, viwanda vikadorora, na vijana wengi wakahamia Belgrade, Ujerumani na Austria. Zikabaki nyumba nyingi mikononi mwa familia zisizodaiwa mkopo wa nyumba, katika mji ambao mishahara yake iko chini ya ile ya Belgrade. Mwenye nyumba wa namna hiyo hapandishi kodi kiholela, kwa sababu hana mkopo wa kulipa wala mpangaji wa kumlipa zaidi. Hata wimbi la Warusi waliohamia Serbia kuanzia 2022 lilielekea zaidi Belgrade na Novi Sad. Niš kodi zilipanda pia, ila hazikuruka kama kule.

Nafuu kubwa kuliko zote ni hosteli ya serikali, studentski dom, pamoja na bwalo lake, menza. Mwanafunzi anayesomeshwa na bajeti ya serikali hulipa sehemu ndogo tu ya gharama halisi. Chakula cha mchana bwaloni humgharimu kama euro 1, nacho ni supu, nyama au maharage, saladi na mkate. Kodi ya kitanda haifiki hata robo ya kodi ya chumba kidogo cha mtaani. Nafasi hutolewa kwa ushindani, waombaji hupangwa kwa alama na kwa mitihani waliyofaulu, na tangazo lina tarehe ya mwisho isiyosogezwa. Milo hununuliwa kwa kuijaza kwenye kadi ya mwanafunzi, na kuna kikomo cha milo kwa mwezi. Kosa la kawaida la wageni ni kufika bwaloni kadi ikiwa tupu wakati dirisha la kujazia limeshafungwa.

Anayejilipia ada mwenyewe hahesabiwi katika kundi hili: akipata nafasi hosteli, hulipa bei ya juu zaidi, na kwenye menza vilevile. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mlango unaojulikana zaidi wa kuingia upande wa ruzuku ni ufadhili wa serikali ya Serbia uitwao Svet u Srbiji, uliolengwa kwa nchi wanachama wa Jumuiya ya Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, ambayo mkutano wake wa kwanza wa wakuu ulifanyika Belgrade mwaka 1961. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote ni wanachama. Ufadhili huo hugharamia masomo, malazi, chakula na bima ya afya, pamoja na mwaka wa kujifunza Kiserbia. Huo mwaka wa lugha usiuone kama mapumziko: mihadhara mingi hutolewa kwa Kiserbia, na mtihani wa mdomo ni jambo la kawaida.

Anayepanga mtaani ataanza na matangazo, na hapo asome kwa makini. Garsonjera ni chumba kimoja chenye jiko humohumo. Jednosoban ni chumba kimoja na jiko pembeni. Dvosoban ni viwili, na sebule imeshahesabiwa kuwa kimoja. Watu huona neno la vyumba viwili wakadhani ni vya kulala mbali na sebule, wakaenda watatu kuangalia nyumba inayowafaa wawili. Kodi hutajwa kwa euro lakini matumizi mengine yote ni kwa dinari, ambayo kwa miaka kadhaa imekaa kwenye 117 hivi kwa euro 1. Garsonjera ya kawaida huwa kati ya euro 200 na 300. Siku ya kuingia andaa kodi ya mwezi wa kwanza, amana ya mwezi mmoja, na ujira wa dalali, ambao mara nyingi ni nusu ya kodi ya mwezi. Kwa hiyo kwa nyumba ya euro 240 lazima uwe na kama euro 600 mkononi, na hapo bado hujanunua hata sufuria. Tafuta Julai au Agosti. Mwaka wa masomo huanza Oktoba 1, na Septemba nyumba zilizobaki ni zile zilizokataliwa na wengine.

Mgeni ana sharti moja zaidi. Anwani yake lazima iandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike, na karatasi yake huitwa beli karton, yaani kadi nyeupe. Mwenye nyumba ndiye wa kuiandikisha. Wapo wanaokwepa, kwani kipato cha kodi ya nyumba nacho hutozwa kodi ya serikali. Usikubali. Bila kadi hiyo ombi la kibali cha kuishi hukwama, na faini humwangukia hata mpangaji. Muulize kabla ya kulipa amana, si baada.

Sasa baridi. Niš iko bondeni. Januari wastani wa joto huwa karibu na nyuzi 0, na usiku mwingine hushuka mpaka 10 chini ya sifuri. Nyumba zenye joto la mtambo wa mji, linalopita kwenye mabomba, huwashwa rasmi kuanzia Oktoba 15 hadi Aprili 15. Usiku joto huzimwa au hupunguzwa, na huwezi kuliamuru wewe. Penye malipo kwa mita za mraba, malipo husambazwa mwaka mzima, kwa hiyo hata Julai utayakuta kwenye bili. Inaudhi, lakini hakuna bili ya kushtukiza.

Nyumba za bei ya chini ndizo zenye mtego, kwa kuwa nyingi hutumia TA peć, jiko zito la umeme lenye matofali ndani. Hupashwa moto usiku, kisha mchana hutoa joto polepole kwa feni. Sababu ya kupashwa usiku ni bei: penye mita ya bei mbili, umeme wa usiku, kwa muda wa saa nane, ni robo ya bei ya mchana. Chukua jiko la kilowati 3.5. Likijazwa kwa muda wa saa nane hula yuniti 28, na kwa bei ya usiku hizo ni sawa na yuniti 7 za mchana. Hita ndogo ya kilowati 2 iliyowashwa mchana kwa muda wa saa nne tu hula yuniti 8. Yaani kale kahita kanakoonekana hakana madhara, kwa muda wa saa nne tu, huzidi gharama ya jiko zima la usiku.

Kuna la pili. Umeme huuzwa kwa madaraja: yuniti 350 za kwanza za mwezi ni daraja la kijani, zinazofuata ni la buluu na ghali zaidi, na juu kabisa kuna daraja jekundu ambalo ni karibu mara tatu ya kijani. Jiko letu la yuniti 28 humaliza daraja la kijani katika usiku wa 13, bila kuhesabu friji wala kupika. Aliyezoea LUKU au tokeni, ambako umeme ukiisha taa huzimika, hapa hana kengele ya kumwamsha: unatumia kwanza, bili inakuja baadaye. Kabla ya kusaini, fungua boksi uhakikishe mita ni ya bei mbili, gusa madirisha uone kama upepo unapenya, na omba kuona bili ya Januari iliyopita. Mwenye nyumba akikuonyesha ya Mei, tabasamu na uendelee kutafuta. Tangi la maji ya moto la lita 80 lenye hita ya kilowati 2 huchukua kama saa 2 kupata moto, liwashe usiku. Na usianike nguo chumbani madirisha yakiwa yamefungwa wiki nzima: ukungu mweusi hutokea pembeni mwa ukuta, na amana hukatwa kwa ajili ya rangi.

Kuhusu kula: soko la Tvrđava liko mlangoni mwa ngome, na Septemba pilipili hoho na nyanya huwa za bei ya kutupa. Unga mweupe wa mahindi upo madukani. Wenyeji huupikia kačamak, nawe sima yako itashika vizuri tu. Burek na mtindi ndiyo staftahi ya mji.

Usafiri si tatizo. Kuanzia Januari 2025 mabasi ya mjini Belgrade ni ya bure, Niš bado unalipa, lakini kitivo cha sheria, cha uchumi na ofisi kuu ya chuo viko katikati ya mji, na kutoka hapo hadi vitivo vya uhandisi mtaa wa Aleksandra Medvedeva ni mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu.

Kwa makadirio, wawili wakigawana nyumba ya euro 320, kila mmoja atahitaji 160 za kodi, 50 hadi 70 za umeme, joto na maji wakati wa baridi, 150 za chakula asipokula menza, na 30 za simu na nauli. Jumla ni kama euro 400. Aliye hosteli kwa ruzuku anaweza kuishi kwa chini ya nusu ya hiyo. Humo hakuna ada, kibali, wala malipo ya kujiandikisha upya kwa kila mtihani ulioanguka: alama ni kutoka 5 hadi 10, na 5 maana yake umefeli, utalipa tena.