Kuomba vyeo Marekani hakukuanza na Jackson

Husemwa sana kwamba Rais Andrew Jackson, aliyeingia madarakani 1829, ndiye aliyeleta Marekani mtindo wa kupeana vyeo kwa kujuana. Sivyo.

George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza Aprili 1789, barua za maombi zilikuwa zimeshaanza kumfikia. Wapiganaji wa vita vya uhuru walimkumbusha utumishi wao, waliofilisika walieleza shida zao kwa adabu ndefu, na wengi walizitaka nafasi za forodha, maana mapato ya serikali yalitoka huko. Yeye alikataa kumwahidi mtu mapema. Hata Bushrod, mtoto wa mdogo wake, aliomba uwakili wa serikali kuu jimboni Virginia mwaka huohuo akanyimwa. Baba mkubwa alimwandikia kwamba yeye, akiwa rais, anatazamwa kwa macho mengi. (Bushrod hakukosa yote: mwaka 1798 Rais John Adams alimteua jaji wa Mahakama ya Juu.)

Rais Thomas Jefferson naye, kuanzia 1801, aliwaondoa baadhi ya wapinzani na kuweka watu wa chama chake. Jackson alichoongeza ni kulitetea jambo hilo waziwazi, akidai kazi za umma zipokezanwe. Tena wengi aliowakuta ofisini walibaki.