"Si aliishi zama zile?" Dhana potofu kuhusu kazi ya mwanahistoria wa kale

Kila muhula nasahihisha insha, na kila muhula nakutana na sentensi ileile: "Athens ya kale ilikuwa na watumwa 400,000." Nikiuliza ushahidi uko wapi, najibiwa kwamba imeandikwa na Mgiriki wa kale mwenyewe, aliyeishi zama zile, sisi ni nani hata tumbishie? Nimelisikia jibu hilo kwa wanafunzi, kwa walimu wa sekondari, hata kwa watu wenye shahada tatu. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika hapa, na mfano wangu ni Moses Finley (1912–1986), mwanahistoria wa Ugiriki ya kale mzaliwa wa Marekani, kwa sababu maisha na kazi yake vinabomoa karibu kila dhana potofu ninayoijua kuhusu taaluma hii.

Dhana: Mwandishi wa kale akishasema, mjadala umekwisha

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana inamfanya mwanahistoria kuwa tarishi: apokee maneno ya kale, ayafikishe darasani, basi.

Tuichukue hiyo 400,000. Inatoka kwa Athenaeus, Mgiriki wa Naukratis huko Misri, aliyeandika karibu na mwaka 200 BK kitabu kirefu cha mazungumzo ya wasomi wakiwa mezani. Anasimulia sensa ya Demetrius wa Phaleron, aliyeitawala Athens kuanzia 317 hadi 307 KK. Kati ya sensa hiyo na Athenaeus imepita miaka 500. Sasa aliishi zama zipi?

Mwanafunzi mwerevu ataniambia kwamba Athenaeus anataja alikoipata takwimu. Kweli, anataja. Lakini palepale anatoa takwimu nyingine, kwamba kisiwa cha Aegina kilikuwa na watumwa 470,000, na hiyo anasema kaitoa kwa Aristotle, jina zito kuliko yote. Chukua kalamu. Aegina ina kilomita za mraba 87 hivi. Unguja inaizidi kwa karibu mara 19. Gawanya 470,000 kwa 87, unapata watumwa zaidi ya 5,000 katika kila kilomita ya mraba, kabla hujawahesabu mabwana wao na watoto wao. Mpe kila mmoja robo tatu ya kilo ya nafaka kwa siku, na kisiwa hicho chenye mawe mengi na mashamba machache kitahitaji zaidi ya tani 350 kila siku inayopambazuka. Haiwezekani, hata ukilitaja jina la Aristotle mara kumi. Na takwimu ya Athens imetufikia kwa mkono huohuo.

Katika makala yake ya mwaka 1959 kuhusu utumwa wa Wagiriki, Finley aliikataa 400,000 na kukadiria kati ya 60,000 na 80,000. Sisemi makadirio yake ni msahafu. Wapo waliopendekeza idadi nyingine. Ninachotaka mwanafunzi akione ni hatua iliyofuata. Finley hakuganda kwenye tarakimu. Aliuliza watumwa walifanya kazi gani, walimilikiwa na nani, na jamii ile ingesimamaje bila wao. Akalinganisha na majimbo ya kusini ya Marekani kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe: huko watumwa walikuwa kama theluthi moja ya watu wote, na familia nyingi za watu huru hazikumiliki mtumwa hata mmoja, lakini hakuna anayebisha kwamba jamii ile ilisimama juu ya utumwa. Kwa hiyo hatuhitaji 400,000 ili tukubali kwamba Athens nayo iliutegemea.

Tazama sasa ushahidi wa aina nyingine. Baba yake Demosthenes, yule msemaji maarufu, aliacha karakana mbili zenye watumwa zaidi ya 50, wengine wakitengeneza visu na wengine vitanda. Tunajua kwa sababu Demosthenes aliwashtaki walezi wake kwa kumlia urithi, na hotuba zake za mahakamani zimebaki. Mdai ana sababu ya kuikuza mali anayoidai, hilo tulikumbuke. Lakini alisema mbele ya watu wa mji wake, na washtakiwa wakiwa wamesimama palepale tayari kumuumbua. Hotuba ya namna hiyo nitaitegemea, kwa tahadhari, kabla ya simulizi la mezani la miaka 500 baadaye.

Kwa hiyo ushauri wangu haujabadilika. Kabla hujanakili sentensi yoyote ya kale, andika pembeni maswali mawili: alijuaje, na alikuwa anamwambia nani? Wanafunzi wangu huyaandika kwa penseli kwenye fotokopi zao, ukurasa kwa ukurasa, na mwanzoni wanaona ninawatesa. Finley mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1985 akiwa amekwisha kustaafu, bado alikuwa akiwalalamikia maprofesa wenzake kwamba wanapuuza uwezo wa watu wa kale wa kutunga mambo na kuyaamini. Kama maprofesa walihitaji kuambiwa hivyo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asione aibu kuanza na penseli.

Dhana: Mwanahistoria wa kale ni mchimbaji

Wachimbaji ni wanaakiolojia. Tunawahitaji sana, ila kazi ni mbili. Heinrich Schliemann alichimba Hisarlik, Uturuki, katika miaka ya 1870, akaonyesha kuta, na tangu hapo watu wanasema Vita vya Troya, vile anavyovisimulia Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, vimethibitishwa. Finley aliwaambia bila kuficha kwamba mji ulioungua unakuonyesha mji ulioungua; haukwambii nani aliuchoma, wala kwamba chanzo kilikuwa Helen, yule mwanamke ambaye katika masimulizi vita vilipiganwa kwa ajili yake.

Mwaka 1952 Michael Ventris alifanikiwa kusoma maandishi ya vibao vya udongo vilivyotoka Knossos na Pylos, majumba ya kifalme ya Ugiriki ya zama zinazohusishwa na vita hivyo. Ndani yake kuna orodha: kondoo, sufu, magari ya vita, mgao wa chakula kwa wanawake wafanyakazi. Ni makarani wa jumba la kifalme wanaohesabu kila kitu. Sasa fungua Homer umtazame shujaa wake Odysseus nyumbani kwake, na ghala lake, na wachungaji wake anaowajua kwa majina. Karani yuko wapi? Finley alikwisha kusema kwamba jamii anayoieleza Homer ni ya karne zilizofuata baada ya majumba yale kuanguka, na vibao vilimpa nguvu. Kuna wanaoisogeza jamii hiyo mbele zaidi kuliko yeye, hadi karne ya 8 KK, lakini wachache leo wanairudisha kwenye majumba yale.

Dhana: Yote yameshaandikwa, hakuna jipya

Tasnifu ya Finley, iliyochapishwa mwaka 1952, ilihusu mawe yaliyosimikwa katika mashamba na nyumba za Attica, eneo la Athens, kuonyesha kwamba mali ile imewekwa rehani. Mawe yalijulikana zamani, na maandishi yake ni mistari michache tu. Wengi waliyasoma kama kilio cha wakulima maskini waliozama katika madeni. Finley aliyakusanya pamoja, akaangalia kiasi cha fedha na sababu ya deni, akaona matajiri: watu wenye mali wakikopa kwa ajili ya mahari ya binti na gharama za heshima yao mjini. Hakufukua jiwe hata moja. Aliuliza swali ambalo wenzake hawakuliuliza.

Dhana: Usipoanza Kigiriki na Kilatini utotoni, umechelewa

Finley alipata shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, mwaka 1927, akiwa na miaka 15, katika saikolojia. Ya pili ilikuwa ya sheria ya umma, Chuo Kikuu cha Columbia; historia ya kale ilifuata baadaye. Lugha lazima uzijue, na hilo sitalilegeza kwa mtu yeyote, lakini miaka ishirini si uzee.

Dhana: Mambo ya kale hayana siasa, mtoto atakaa salama

Wazazi hunieleza hivi wakidhani wananifurahisha. Mwaka 1952 Finley, akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Rutgers, aliitwa mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Alipoulizwa kuhusu uanachama wa chama, alitumia haki ya Marekebisho ya Tano ya Katiba ya kutojibu. Hadi mwaka unaisha, chuo kilikuwa kimemfukuza. Alihamia Uingereza, akaanza kufundisha Cambridge mwaka 1955, akawa raia wa huko mwaka 1962, akakalia kiti cha profesa wa historia ya kale kuanzia 1970 hadi 1979, na mwaka huo wa 1979 akapewa cheo cha Sir. Marekani ilimpoteza mmoja wa wanahistoria wakubwa wa karne ile kwa sababu hakujibu swali. Na mtu aliyetumia maisha yake kuuliza nani alimmiliki nani, nani alipiga kura na nani hakuruhusiwa, hakuwa anafundisha mambo yasiyogusa siasa.

Dhana: Ya Wagiriki na Warumi hayatuhusu huku

Mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika Kigiriki katika karne ya 1 BK bila kutuachia jina lake, alieleza njia ya bahari hadi pwani yetu, aliyoiita Azania. Mji wa mwisho kwake ni Rhapta, kunakotoka pembe za ndovu na magamba ya kasa. Kutoka Muza, upande wa Yemeni, yanaletwa mashoka, visu na mikuki. Katika kisiwa cha Menouthias anataja mitumbwi na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na watu wanaonasa kasa kwa vikapu badala ya nyavu. Anayejua mtepe na dema hahitaji kuelezwa zaidi.

Muulizeni naye maswali yaleyale mawili. Aliwaandikia wafanyabiashara waliotaka kujua wapakie nini, na bidhaa zikikosewa hasara ilikuwa yao. Na baada ya Rhapta anasema wazi kwamba bahari iliyo mbele haijachunguzwa. Mji wenyewe bado haujapatikana kwa uhakika. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameutafuta kwa miaka mingi pande za Rufiji, na hoja zake bado zinajadiliwa.