Fernando VII wa Goya: anza na shingo

Picha ambayo mchoraji Francisco de Goya alimchora Fernando VII, mfalme wa Hispania, akiwa amevaa joho la kifalme, iko kwenye makumbusho ya Prado, Madrid. Ukibahatika kusimama mbele yake, usianze na joho. Najua si rahisi, maana wekundu wake umemeza turubai. Ukisogea karibu, dhahabu yote inageuka madoa ya rangi ya mafuta yaliyopigwa harakaharaka. Rudi nyuma hatua chache, nyuzi zinang'aa tena. Hapo ndipo Goya alipofurahia kazi.

Sasa tazama shingo. Kichwa na mabega havielewani. Wanafunzi ninaowafundisha historia ya sanaa hudhani mzee Goya alichoka. La hasha. Goya alipata nafasi ya kumtazama mfalme ameketi achorwe mwaka 1808, tena kwa muda mfupi tu, alipoagizwa na Akademia ya San Fernando, chuo cha sanaa cha Madrid, amchore juu ya farasi. Mwaka huohuo Napoleon akamng'oa Fernando kwenye kiti na kumweka kizuizini Valençay, Ufaransa. Aliporejea mwaka 1814, miji na taasisi zilitaka picha yake upesi, kama ofisi zetu zinavyotafuta ya rais mpya. Goya akautumia uso uleule wa 1808, mwili akautunga mwenyewe. Ndiyo maana picha yake nyingine, iliyoko mji wa Santander, yenye simba aliyevunja minyororo miguuni pa mfalme, ina sura hiyohiyo.

Wengi husema Goya alikuwa akimkejeli mfalme aliyeifuta Katiba ya Cádiz, iliyopunguza mamlaka ya mfalme. Mimi sikubali. Goya alikuwa amebaki Madrid chini ya Joseph Bonaparte, kaka yake Napoleon aliyewekwa kwenye kiti cha Fernando, na baada ya vita alichunguzwa kama watumishi wengine wa ikulu kuhusu uaminifu wake. Mtu aliye katika hali hiyo hachezei sura ya mfalme. Ubaridi unaouona usoni, kwangu mimi, ni wa mchoraji asiye na mtu mbele yake.

Fernando mwenyewe alimpenda zaidi mchoraji mwingine, Vicente López, akampa cheo cha mchoraji mkuu wa ikulu. López alichora kila uzi na kila nishani; ufundi upo, lakini wafalme wake hunichosha. Picha yake ninayoirudia si ya mfalme yeyote. Ni ya mwaka 1826, nayo pia iko Prado: Goya, miaka 80, amekunja uso, brashi mkononi.