Mbwa wa Jirani na Mtoto Wako Mtaani: Kauli ya “Huyu Haumi” Haitoshi

Jioni, jua la Dodoma likishapoa, wakazi wa Ilazo, Kisasa na Nzuguni hutoka nje ya kuta za nyumba zao. Watoto hukimbizana barabarani, kina mama hurudi na mboga kutoka gengeni, na siku hizi hawakosekani vijana wawili watatu wanaotembeza mbwa. Mbwa mmoja anamsogelea mtoto wa miaka mitatu ili amnuse, mtoto anapiga ukelele, na mama yake anamnyakua na kumweka begani. “Usiogope dada, huyu haumi,” anasema mwenye mbwa huku akicheka. “Kaka, unayemjua ni wewe. Mimi nimemjulia wapi?” anajibu mama, na hapo huanza maneno ambayo wakati mwingine huishia ofisi ya serikali ya mtaa.

Sisi tunaoshughulikia afya ya mifugo huletewa kesi za namna hii mara kwa mara, na maoni yetu ni kwamba swali la huyo mama lina msingi kuliko jibu alilopewa. Mwenye mbwa hasemi uongo. Anachokosea ni kuchukua ujuzi alioupata uani kwake na kuutumia barabarani, ilhali mbwa huyo amezoea harufu, sauti na mwendo wa watu wa nyumba moja tu. Mbwa asiyewahi kuishi na mtoto mdogo anapomwona, anakutana na kiumbe anayeyumba, mwenye sauti kali, anayenyoosha mikono bila taarifa na anayemkazia macho akiwa kwenye kimo sawa na cha mbwa huyo. Kwa mbwa, kukaziwa macho kwa karibu kunaweza kuwa vitisho, na mtoto anayekimbia huku akipiga kelele huamsha silika ya kufukuza hata kwa mbwa aliye mpole kila siku.

Jambo lingine linalowapotosha wengi ni mkia. Watu huamini kwamba mbwa anayetikisa mkia amefurahi, lakini mkia ulioinuliwa, uliokakamaa na kutikiswa kwa haraka unaweza kuwa wa mbwa aliyepandwa na wasiwasi au hasira. Zipo dalili nyingine zinazotangulia kung'ata: mbwa hugeuza uso pembeni, hujilamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, huonyesha weupe wa macho, kisha mwili wote hukaza. Mngurumo huja baadaye, nao ni onyo la maana sana. Mfugaji anayempiga mbwa wake kila anaponguruma humfundisha kuruka hatua hiyo, na siku moja atang'ata bila kutoa sauti. Mtoto mdogo hawezi kuzisoma dalili hizi. Wapo hata wanaodhani mbwa aliyetoa meno anacheka. Kwa hiyo kazi ya kusoma ni ya mtu mzima aliyeshika kamba.

Ni vyema ikaeleweka pia kwamba watoto wengi wanaong'atwa hung'atwa na mbwa wanaowafahamu, wa nyumbani au wa jirani. Walio chini ya umri wa kwenda shule hujeruhiwa zaidi kichwani, usoni na shingoni kwa sababu ya kimo chao na desturi yao ya kuinamia sahani ya mbwa, kumkumbatia au kumvuta akiwa amelala. Mtoto wa umri huo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata yule aliyemkuta nyumbani alipozaliwa.

Kwa hapa kwetu, hata hivyo, chanzo kikubwa cha matatizo ni namna tunavyofuga. Katika vijiji vya Ugogo mbwa alikuwa, na bado yuko, mwenzake mchungaji: hutoka na mifugo, hurudi nayo, hulala nje ya kaya na kupitiwa na watoto wa kila rika tangu akiwa mdogo. Mji ulipoanza kupanuka, hasa baada ya Serikali kuhamia huku kuanzia mwaka 2016 na Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, mbwa akapewa kazi nyingine. Hufungiwa bandani mchana kutwa, hufunguliwa usiku alinde ukuta, na mgeni pekee anayemwona ni yule anayepaswa kumbwekea. Wakati ambao mbwa hujifunza kwa urahisi kuzoea watu na mambo mapya ni kati ya wiki ya tatu na takriban wiki ya kumi na mbili hadi kumi na nne ya uhai wake. Aliyepitisha wiki hizo gizani bila kuona mtoto, bodaboda wala mtu aliyebeba ndoo kichwani, hawezi kutarajiwa kuwa mtulivu atakapotolewa nje akiwa na miaka miwili, eti kwa sababu mwenye nyumba amepata likizo.

Wakati mbaya zaidi si hata jioni. Ni alfajiri, pale mlinzi anapofungua geti kabla ya kumrudisha mbwa bandani, ilhali wanafunzi wa darasa la kwanza na la pili wanapita na madaftari yao, pengine bila mtu mzima. Mwenye mbwa amrudishe bandani kwanza, ndipo geti lifunguliwe; utaratibu huo hauhitaji hata shilingi moja. Kibao cha “Mbwa Mkali” kinamwonya anayetaka kuingia, lakini hakimkingi aliye barabarani.

Mbwa anapotembezwa, kamba iwe fupi na ishikwe na mtu mwenye nguvu za kumzuia, si mtoto wa miaka tisa aliyetumwa kwa kuwa wakubwa wamechoka. Ukiona mtoto anakuja, vuka upande wa pili au simama na mbwa akae upande wako ulio mbali na mtoto. Maeneo yenye watoto wengi, kama viwanja vya michezo na bustani za kupumzikia, si mahali pa kumfungulia mbwa ajinyooshe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe anashindwa kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kusababishwa na mnyama aliye mikononi mwake, kwa hiyo kusema “hajawahi kumuuma mtu” hakumwondolei mfugaji wajibu wa tahadhari.

Wafugaji wengine hulalamika kwamba majirani wanawakwepa hata mbwa anapokuwa ametulia, wakidhani wanadharauliwa. Mara nyingi sivyo. Kwa Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi nchini, mate ya mbwa ni najisi nzito, na nguo au mwili ulioguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mzazi anayekwenda msikitini na mwanawe hana sababu ya kueleza hayo kwa kila mtu anayekutana naye njiani. Umbali wa hatua chache unamtosha.

Wazazi nao wana la kurekebisha. Mtoto anayetishwa kila usiku kwamba asipolala ataitiwa mbwa, hukua akijua njia moja tu ya kukutana na mnyama huyo, yaani kukimbia, na kukimbia ndiko kunakofukuziwa. Afundishwe kusimama wima kama mti, mikono ikiwa imeshuka, akitazama chini mpaka mbwa apoteze hamu na kuondoka; na akiangushwa, ajikunje na kufunika shingo na masikio kwa mikono. Asimguse mbwa wa mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Kurusha mawe, ambako baadhi ya wazazi huona ni utundu wa kawaida wa watoto, ni ukatili unaokatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, tena huzalisha mbwa anayemchukia kila aliyevaa sare za shule.

Nyuma ya hofu zote hizi kuna kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na takriban asilimia 40 ya waathirika ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni kwa nadra mno. Lakini huzuilika kabisa mtu akihudumiwa mapema. Kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisichomwe wala kupakwa majivu, pilipili au mafuta ya taa, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo na kumaliza dozi zote atakazopangiwa. Mbwa achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na cheti kitunzwe, kwani ndicho karatasi ya kwanza jirani atakayotaka kuiona.

Baada ya tukio, watu wa pande zote mbili huwa na haraka ya kukosea: familia ya mtoto inataka mbwa auawe palepale, na mwenye mbwa anamficha au kumsafirisha kijijini usiku. Mbwa anayeonekana mzima anapaswa kufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10 chini ya uangalizi wa afisa mifugo wa kata, kwa sababu aliyekuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata ataugua au kufa ndani ya muda huo. Akishafichwa au kutupwa, taarifa hiyo imepotea. Akifa, kichwa kisiharibiwe, kwani vipimo hufanyika kwenye ubongo. Matibabu ya mtoto hayasubiri siku hizo ziishe. Mwenye mbwa naye asisubiri kuulizwa: apite kwa jirani kila jioni kumjulia hali mtoto, na amweleze kama mbwa bado anakula na kunywa maji.