Diski imetoka: je, ni lazima upasuliwe?

Mgonjwa anaingia na bahasha ya picha za MRI, hata hajaketi: "Daktari, nimeambiwa diski imetoka. Napasuliwa lini?" Mimi humuuliza kwanza: kinachokuuma zaidi ni kiuno au mguu?

Jibu hilo lina uzito kuliko bahasha. Diski, ile kama mto laini kati ya pingili za uti wa mgongo, ikibana mshipa wa fahamu, maumivu huteremka kupitia tako na paja hadi chini ya goti, mara nyingi na ganzi. Hapo upasuaji una kazi ya kufanya: kuondoa kinachobana. Maumivu yanayobaki kiunoni tu, yale ya aliyeshinda ameinama shambani, mara nyingi hayana kitu kimoja cha kuondoa. Ndiyo maana wapo waliopasuliwa vizuri, kidonda kikapona, na kiuno kikaendelea kuuma.

Picha nayo huponza. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliangalia watu wasioumwa mgongo kabisa. Waliokuwa na miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski zilizotuna. Kwa wenye miaka 80, asilimia 84. Mgongo nao huota mvi.

Hata mguu ukiwaka moto, kisu kinaweza kusubiri. Uholanzi, mwaka 2007, walifuatiliwa wagonjwa 283 walioumwa mguu kwa wiki 6 hadi 12. Wengine walipasuliwa mapema, wengine wakaendelea na dawa na mazoezi, na karibu 4 kati ya 10 wa kundi hili la pili waliishia kupasuliwa ndani ya mwaka. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini mwaka ulipotimia takriban asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona. Kwa hiyo unachopata kwa kupasuliwa mapema ni muda. Kwa dereva wa bodaboda ambaye asipotoka nyumbani hawali, muda huo si kitu kidogo, nami siwezi kumpangia.

Kwa wengine wengi, anzeni na mazoezi tiba, na muwe na subira ya wiki kadhaa. Siku tatu hazitoshi kusema yameshindikana. Endelea kutembea, maana kulala kitandani hudhoofisha misuli. Mikanda ya kiuno inayouzwa kila kona? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 haushauri itumike kama tiba ya kawaida ya maumivu sugu.

Lakini mkojo ukiziba au ukikutoka bila kujua, ganzi ikishika sehemu za siri, au unyayo ukianza kuburuta, njoo hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Na mwenye homa za jioni, jasho la usiku na nguo zinazompwaya, huyo tunampima TB ya mgongo. Wengi wao hupona kwa vidonge vya miezi mingi, bila kuguswa na kisu.