Teksi nyeusi za London: leseni na ramani ya simu havitoshi
"Una leseni, una simu yenye ramani, basi wewe ni dereva teksi." Kwa zile teksi nyeusi za London, sivyo. Mwanafunzi hukariri kwanza njia 320 na mitaa ipatayo 25,000 ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, katikati ya jiji, kazi ya miaka mitatu au minne. Wengi huizunguka kwa pikipiki ndogo, karatasi ya njia imebanwa mbele kwenye usukani, iwe mvua iwe jua. Kisha mtihani wa mdomo, uliokuwapo tangu 1865, enzi za magari ya farasi: mtahini anataja sehemu mbili, nawe unamtajia kila mtaa na kila kona, kwa kichwa. Simu inabaki mfukoni.